MOTOKAA NA MWENYEWE: Breki za Dramu Zilizochakaa

Mkulima wa Kinangop apakiaye viazi katika pikapu yake alfajiri, akashika njia ya kuteremka kwenda Naivasha, huwa na mashaka mengi kichwani mwake: bei ya sokoni, mvua, matope, na petroli. Breki hazimo katika hesabu hiyo. Alipofika penye lango la shamba lake alikanyaga, gari likasimama. Basi moyoni mwake breki ni nzima. Lakini kusimamisha gari penye lango, likienda mwendo wa mtu atembeaye, si kuzipima breki. Hata kiatu cha breki kilichobakiwa na unene wa ukucha hulisimamisha gari langoni. Upungufu wake hubainika huko mteremkoni, na huko si mahali pema pa kupata habari mpya.

Yafaa hesabu ifanywe, maana watu wengi huambiwa kwamba mteremko ni hatari wasielezwe hatari yenyewe ni kiasi gani. Uwanda wa Kinangop uko juu zaidi ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Naivasha uko karibu mita 1,900. Tofauti ni mita 500. Gari lenye uzito wa kilo 1,500, likipakiwa magunia 18 ya kilo 50, hufikia kilo 2,400. Uzito huo ukishuka mita 500, nguvu iliyomo haina pa kwenda ila igeuke kuwa joto. Upepo huchukua sehemu yake, na injini huchukua sehemu kubwa ikiwa dereva ametia gia ndogo. Ikiwa joto lote lingeachiwa breki peke yake, lingetosha kuchemsha lita 35 za maji ya baridi, yaani karibu madebe mawili. Madebe mawili ya maji yanayotokota, ndani ya vyuma vinne tu vilivyofichwa katika magurudumu! Mtu akilifahamu jambo hilo hatashangaa tena kuona moshi ukitoka katika magurudumu ya malori yaliyosimama chini ya mteremko wa Mai Mahiu.

Magari mengi ya siku hizi yana breki za sahani katika magurudumu ya mbele, na breki za dramu katika magurudumu ya nyuma. Ndivyo zilivyo pikapu nyingi, na ndivyo ilivyo Toyota Probox, gari lililotokea mwaka 2002 na ambalo sasa laonekana kila pembe ya Kenya likibeba watu, kuku, mboga na majeneza. Land Rover za zamani zina dramu katika magurudumu yote manne. Wako watu wanenao kwamba breki za nyuma si kitu, kwa kuwa gari linapokanyagwa breki uzito huegemea mbele na breki za mbele hufanya kazi kubwa. Neno hilo ni kweli kwa gari tupu. Gari lililopakiwa viazi nyuma hadi springi zikalala ni habari nyingine. Hapo magurudumu ya nyuma yana uzito mwingi juu yake na breki zake zina kazi kubwa ya kufanya. Tena breki ya mkono, ambayo hulizuia gari lisirudi nyuma mlimani wakati mwenyewe akishusha mzigo, katika mengi ya magari hayo hufanya kazi kwa dramu za nyuma tu.

Dramu ni kitu kilichofanana na sufuria fupi ya chuma, nayo huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vya chuma vilivyopindwa kama mwezi mwandamo, visivyozunguka, ambavyo vimefungwa katika sahani ya nyuma. Mgongoni mwa kila kiatu pamebandikwa kipande cha kitu kigumu kinachostahimili joto. Kipande hicho, kwa ufupi, chaweza kuitwa bitana, kwa maana ni kama bitana ya koti: hakionekani kwa nje, lakini ndicho kichakaacho kwanza. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba membamba hadi silinda ndogo iliyo baina ya viatu, pistoni zake hutoka huku na huku, viatu hupanuka, bitana husugua ndani ya dramu, na gurudumu hupunguza mwendo. Akiondoa mguu, springi huvirudisha viatu mahali pake.

Mtindo huu si mpya. Mfaransa Louis Renault ndiye asifiwaye kwa kuunda breki ya dramu yenye viatu, mwaka 1902. Habari ya bitana ni ya kale zaidi, na wakulima wataipenda. Huko Derbyshire, katika nchi ya vilima ya Uingereza, waendesha mikokoteni ya farasi walikuwa wakipigilia soli za viatu vikuukuu juu ya vipande vya mti vilivyotumika kama breki, ili vishike vizuri wakati wa kuteremka. Yasimuliwa kwamba Herbert Frood aliwaona, akafikiri, na mwaka 1897 akaanza kutengeneza vitu bora zaidi vya kazi hiyo. Kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa Ferodo, jina ambalo lingali likionekana juu ya maboksi ya bitana madukani. Kutumia mafuta badala ya kamba za chuma kulikuja baadaye. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa motokaa yenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne.

Sasa, mwenye gari atajuaje kwamba bitana zimekwisha? Dalili ziko, ila huja polepole sana, na mguu wa mtu huzoea. Kikanyagio kilichokuwa kikishika karibu na juu huanza kushuka. Mwenyewe hukanyaga zaidi kidogo kila juma, wala hatambui. Ndiyo sababu mtu akiazimwa gari lile mara hupiga kelele kwamba halina breki, na mwenyewe hukasirika. Mkono wa breki nao hupanda. Katika gari zima huvutwa ukalia mara sita au nane hivi na kushika. Ukipanda hadi karibu kusimama wima, basi ama bitana zimelika au waya umelegea. Mafuta katika kichupa cha breki hupungua kidogo pasipo kuvuja popote, kwa kuwa pistoni zimetoka mbali zaidi na nafasi yake imejazwa mafuta. Hapo ndipo wengi wakosapo: huongeza mafuta hadi mstari wa juu, wakaridhika, kumbe wameifuta dalili wasiondoe ugonjwa.

Sauti ya chuma kukwaruza chuma ni dalili ya mwisho kabisa. Mtu akiisikia, bitana imekwisha, na misumari ya ribiti au kiatu chenyewe chalima mifereji ndani ya dramu. Hapo fedha alizotaka kuziokoa kwa kuchelewa hatalipia viatu tu, bali na dramu pia.

Kuna dalili nyingine ambazo hazina maana ya bitana kulika, na haifai kuzichanganya. Kikanyagio kikiwa laini kama sifongo, kikapata nguvu baada ya kukanyagwa mara kadha, mara nyingi kuna hewa katika mabomba. Kikikanyagwa na kushikiliwa, kisha kikazama polepole chini ya mguu, kuna mahali mafuta yanapotoka, au mipira ya silinda kuu imechoka. Gari hilo lisitoke uwanjani. Gari likivuta upande mmoja linapokanyagwa, gurudumu la upande mwingine halishiki, pengine kwa sababu ya mafuta juu ya bitana. Kikanyagio kikitetemeka chini ya mguu, dramu yaweza kuwa imepoteza umviringo wake. Na gurudumu moja likiwa la moto kupita wenziwe baada ya safari fupi isiyokuwa na mteremko, breki yake haiachii.

Hili la mwisho ni ugonjwa wa magari ya makarani kuliko ya wakulima. Karani wa Mombasa au Kisumu huliacha gari lake majuma mawili mbele ya nyumba wakati wa masika, breki ya mkono imevutwa, naye apanda matatu kwenda ofisini. Unyevu huingia, kutu hushika, viatu hugandamana na dramu. Siku atakapoliondoa, gari hushtuka kwa kishindo, na wakati mwingine bitana yenyewe hubanduka kutoka katika kiatu. Gari la kukaa siku nyingi mahali tambarare afadhali liachwe katika gia, magurudumu yamewekewa vigingi, na breki ya mkono imeachiwa.

Dalili zote hizo ni za kusikia. Kuona ni bora, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Magari mengine yana tundu dogo katika sahani ya nyuma, lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Mtu akikitoa na kumulika kwa tochi, huona ukingo wa bitana. Ni ukaguzi wa dakika tano, lakini huonyesha sehemu moja tu ya kiatu kimoja, wala hauonyeshi mafuta yaliyovuja. Iliyo dawa ni kuiondoa dramu. Gari litembealo barabara za murram, ambako vumbi na mchanga huingia ndani na kusaga kama msasa, lafaa kufunguliwa kila kilomita 10,000. Litembealo lami tupu laweza kungoja mara mbili ya hapo.

Kazi yenyewe haishindi mtu mwenye mikono ya utulivu, nafasi ya nusu siku, jeki, spana, koleo, bisibisi na nyundo ya mpira au ya mti. Asiyekuwa na uhakika ampelekee fundi, lakini asimame karibu aone. Fundi akisema, “Mzee, hizi bado ziko sawa,” si utovu wa adabu kumjibu, “Ahsante kijana, zimebaki milimita ngapi?” Fundi mwema hatachukia, ataleta kipimo. Na yule achukiaye amekwisha jibu.

Gari na liegeshwe mahali tambarare na pagumu, magurudumu ya mbele yazuiliwe kwa vipande vya mti mbele na nyuma, na nati za magurudumu zilegezwe kidogo kabla ya kupanda jeki. Likiisha inuliwa, liwekwe juu ya stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mawe na matofali hupasuka bila ya kutoa habari. Watu wamekufa chini ya magari yaliyosimamishwa juu ya matofali. Ndipo breki ya mkono iachiwe, maana dramu haitoki ikiwa viatu vimeishikilia, jambo ambalo husahauliwa na watu wengi kuliko wanaokubali.

Dramu ya gari dogo kwa kawaida hutoka kwa kuvutwa. Ikikataa kwa sababu ya kutu, dramu nyingi za magari ya Kijapani zina matundu mawili madogo yenye meno ya skrubu: bolti mbili za milimita 8 zikitiwa humo na kukazwa kwa zamu, kidogo kidogo, huisukuma dramu nje. Isipigwe nyundo ya chuma ukingoni, kwa kuwa ni chuma cha kusubu, nacho hupasuka. Ikiwa imelika hadi ikafanya ukingo kwa ndani, viatu hunasa katika ukingo huo; hapo sharti kigurudumu cha meno kinachorekebisha breki kirudishwe nyuma, kwa bisibisi, kupitia tundu lililo nyuma ya sahani.

Dramu ikitoka, macho yataona vumbi jeusi. Lisipulizwe kwa kinywa wala kwa pampu ya hewa. Kwa miaka mingi bitana zilitengenezwa kwa asbesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa mapafuni huleta maradhi yaliyo hatari, na baadhi yake hujitokeza baada ya miaka ishirini au zaidi. Uingereza ilikamilisha kuipiga marufuku asbesto mwaka 1999, lakini gari kuukuu au viatu vya rafu ya dukani visivyo na jina havitoi kiapo. Vumbi lilowanishwe kwa maji yenye sabuni, lifutwe kwa kitambaa, na kitambaa kitiwe katika mfuko na kufungwa. Mafundi wa zamani waliolipuliza vumbi hilo kila siku hawakujua. Wa leo hawana udhuru.

Ndipo bitana zipimwe. Zilizogandishwa kwa gundi katika magari madogo ya Toyota zina kikomo cha milimita 1, na kikomo maana yake ni mwisho, si mahali pa kuendelea. Mtu mwenye busara hubadilisha zikiwa milimita 2, kwa kuwa hatafungua tena kesho. Zilizofungwa kwa ribiti hupimwa kutoka juu ya kichwa cha ribiti, si kutoka katika chuma cha kiatu. Zikifika karibu na vichwa hivyo, zimekwisha. Kiatu cha mbele mara nyingi hulika kuliko cha nyuma, wala hilo si kosa: dramu ikizunguka hukivuta kiatu hicho na kukikandamiza zaidi. Lakini ikiwa kiatu cha gurudumu la kushoto kimekwisha na cha kulia ni kipya, kuna jambo. Pengine silinda ya kulia imeshika kutu, na kwa muda wote huo gurudumu moja limekuwa likifanya kazi ya mawili.

Mipira ya vumbi katika ncha za silinda ifunuliwe polepole kwa bisibisi butu. Unyevu mdogo si neno. Mafuta yakitiririka, silinda itengenezwe au ibadilishwe. Mafuta mazito yenye harufu kali ya gia, yakionekana chini ya sahani, hayatoki katika breki hata kidogo. Yametoka katika ekseli kwa sababu sili imechoka. Kuweka viatu vipya bila ya kubadilisha sili hiyo ni kutupa fedha, kwa maana bitana iliyonywa mafuta haifai tena. Wako waioshao kwa petroli na hata waichomao moto ili ikauke. Juu yake huonekana safi. Ikipata joto mteremkoni mafuta yaliyojificha ndani hutoka, na breki huteleza wakati ule ule inapohitajiwa.

Dramu nayo itazamwe. Mikwaruzo myepesi huondolewa kwa msasa. Mifereji mirefu, iliyo dhahiri kwa ukucha, hutaka mashine ya kerezo. Lakini kila dramu ina kipenyo chake cha mwisho, nacho mara nyingi kimeandikwa juu ya chuma chenyewe. Dramu ya milimita 200, ya aina itumikayo katika magari mengi madogo, haifai kupita milimita 201. Milimita moja tu! Mtu wa kerezo akiondoa zaidi, dramu huwa nyembamba, hupata joto upesi, hupanuka na kuvikimbia viatu, na mwishowe yaweza kupasuka.

Kabla ya kuondoa springi hata moja, upande mmoja tu ufunguliwe, na wa pili uachwe mzima ili uwe kielelezo. Simu ya mkononi yenye kamera imekuwa msaidizi mkubwa hapa: picha mbili tatu za springi zilivyokaa, ipi mbele na ipi nyuma, ndoano ipi imepita tundu lipi, huokoa saa nzima ya kubahatisha. Springi za kurudishia zina nguvu, nazo zikiponyoka huruka kuelekea usoni. Miwani si anasa. Zile ndogo zinazovishikilia viatu katika sahani hubonyezwa kwa koleo na kuzungushwa robo mzunguko, zikatoka. Waya wa breki ya mkono hufunguliwa katika kiatu cha nyuma, na kirekebishi chake huwekwa kando kwa namna ambayo hakitachanganyika na cha upande wa pili. Jambo hili lastahili kukaziwa. Kirekebishi cha kushoto na cha kulia vina skrubu zinazokwenda kinyume. Vikibadilishana mahali, kila gari likirekebisha breki zake hujilegeza badala ya kujikaza, na mwenyewe hulaumu viatu vipya vilivyo bora.

Wakati viatu vimetoka, mtu yeyote asikanyage breki, wala mtoto asiingie katika gari kuchezea usukani. Pistoni zitaruka nje na mafuta yote yatamwagika.

Viatu vipya hununuliwa kwa seti ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kubadilisha upande mmoja ili kuhifadhi upande wa pili ulio na nusu ni uchumi wa uongo, kwa maana gari litavuta upande. Dukani, bei ya chini kabisa iogopwe. Bitana bandia huonekana kama bitana halisi mpaka ipate joto. Viatu vipya vilinganishwe na vya zamani, tundu kwa tundu, kabla ya kuondoka mbele ya mwuza duka.

Sahani ya nyuma ina sehemu ndogo zilizoinuka ambapo kingo za viatu husugulia. Hizo zipakwe grisi ya kustahimili joto, kiasi cha kung'aa tu. Uzi wa kirekebishi usafishwe na kupakwa vivyo hivyo. Baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika bitana mpya. Dramu mpya hutoka kiwandani imepakwa mafuta ya kuzuia kutu. Yaondolewe yote kwa spiriti. Viatu na springi hurudi kwa kufuata upande ulioachwa mzima, na dramu hurudishwa juu yake. Kirekebishi hukazwa hadi gurudumu likizungushwa kwa mkono lasikika likigusa kidogo, pasipo kuzuiwa. Katika Land Rover za zamani na magari ya rika lake hakuna kirekebishi kijiendeshacho. Kichwa cha bolti kilicho nyuma ya sahani huzungushwa kwa spana hadi gurudumu lishikwe, kisha hurudishwa nyuma kidogo mpaka liwe huru.

Ikiwa silinda ilifunguliwa, hewa imeingia, na sharti itolewe. Kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja huketi katika kiti cha dereva. Mwingine hulala nyuma, mpira mwembamba wa kuonea ndani umechomekwa katika nipeli na mwisho wake umezama katika chupa yenye mafuta ya breki. “Kanyaga!” asema wa chini, wa juu akanyaga na kushikilia. Nipeli hufunguliwa, mafuta na mapovu hutoka, nipeli hufungwa, ndipo asemapo, “Achia!” Wa juu akiachia kabla ya kuambiwa, hewa hurudi ndani, na kazi yaanza upya pamoja na maneno yasiyofaa kuandikwa. Huendelea hivyo mpaka yasitokee mapovu, na kila mara kichupa cha juu kiongezwe kisikauke. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Yakidondoka juu ya rangi ya gari yaoshwe kwa maji mara moja, kwa kuwa hula rangi.

Kuhusu mafuta hayo, liko kosa moja ambalo limeharibu breki nyingi vijijini: kutia mafuta ya injini au ya gia katika kichupa cha breki kwa sababu ya dukani yamekwisha. Mafuta hayo huvimbisha mipira yote ya mtambo, kutoka silinda kuu hadi magurudumuni, na pengine breki hukaza zenyewe zisiachie. Itumike ile aina iliyoandikwa juu ya kizibo, DOT 3 au DOT 4. Tena mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 iliyo mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikiisha kunywa maji yaweza kuchemka kwa nyuzi 140. Yakichemka hufanya mvuke, na mvuke hukandamizika. Kikanyagio hushuka hadi sakafuni na gari laendelea. Kwa hiyo mafuta hubadilishwa kila miaka miwili, hata kama kichupa kimejaa. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kukaa rafuni imekwisha haribika, ingawa yaonekana safi.

Gari likiisha shushwa, kikanyagio kikanyagwe mara nyingi hadi kipande na kuwa kigumu kabla injini haijawashwa. Jaribio la kwanza liwe uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, mbele na nyuma. Katika magari mengine kurudi nyuma na kukanyaga ndiko kunakokiamsha kirekebishi. Bitana mpya haijakaa sawa na mviringo wa dramu, hivyo kilomita 200 au 300 za kwanza ziendeshwe kwa upole, bila ya kukanyaga kwa ghafula ila kwa lazima, na bila ya mzigo mzito. Mkulima aliyebadilisha viatu Jumamosi hapaswi kuteremka na magunia 18 Jumapili.

Na atakapoteremka, aingize gia ndogo huko juu, kabla mteremko haujaanza, ile ile ambayo ingemfaa kuupanda. Breki zikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha ziachiwe zipate upepo. Mguu ulioegemea kikanyagio kutoka juu hadi chini huzipika. Desturi ya kuondoa gia na kuzima injini ili kuokoa petroli ni kichaa kitupu. Injini ikizimwa, kile kisaidizi kinachoupa mguu nguvu hubakiwa na pumzi ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, kisha kikanyagio huwa kigumu kama jiwe. Petroli iliyookolewa haijazi kikombe. Akivuka mto au dimbwi refu, aende polepole hatua chache huku mguu umegusa breki, maji yakauke katika dramu, maana dramu iliyojaa maji haishiki.

Baada ya kilomita 100 nati za magurudumu zikazwe tena, kwa zamu za kukabiliana, na sahani ya nyuma imulikwe kwa tochi kuona kama kuna mafuta mapya yaliyotoka. Kilomita za siku hiyo ziandikwe katika daftari lile lile la shamba au la nyumba, pamoja na tarehe na unene wa bitana. Kilomita 10,000 baadaye zitapimwa tena, na mwenye gari atajua kwa hakika zinalika kwa kasi gani katika njia zake mwenyewe, jambo ambalo hakuna kitabu kiwezacho kumwambia.